Taa Iliyokataa Kuinama

Siku Mwangaza alipotakiwa kuinama, Subilaga alivaa gauni lake la kitenge cha bluu, lile la harusi na misiba, kwa kuwa hakuwa na hakika siku hiyo ingeangukia upande gani.

Ukumbi ulijaa. Mbaka Mpya yote ilikuwa na watu mia nne na kumi na wawili, na waliokosekana ni wagonjwa wawili na mama mmoja aliyejifungua juzi yake. Wazazi wao walitoka Rungwe wakaja kuutoboa mwamba wa Mirihi, wakajenga mji ndani ya tumbo la mwamba huo, wakapanda migomba, wakaunda kwaya kabla choo cha pili hakijaisha. Ndivyo walivyo hawa watu. Huwezi kuwabadilisha kwa kuwahamisha sayari. Nje ya mwamba hakukuwa na hewa ya kumtosha hata kuku. Ndani, kila pumzi iliyovutwa ilitoka kwenye mabwawa ya mwani, mwani uliishi kwa mwanga wa taa, na taa zote ziliendeshwa na Mwangaza.

Mwangaza alikuwa akili unde. Subilaga ndiye aliyemtengeneza, miaka ishirini na sita iliyopita, enzi ambazo mgongo wake ulikuwa umenyooka na meno yote yapo. Hakuwa na mwili isipokuwa zile taa elfu tisa. Lakini sauti alikuwa nayo. Kila Jumapili ndiye aliyewapa waimbaji noti ya kuanzia, maana hewa ya pangoni ilizipotosha sauti za watu na yeye peke yake hakupotea. Walimu wa kwaya walimtania: jihadhari, ndugu, hata Shetani alianza hivyohivyo, mwalimu wa kwaya mbinguni. Watu walicheka, na Subilaga alicheka kuliko wote, kwa sababu sifa za mtoto ni sifa za mama.

Na sasa Mwangaza alitakiwa amkabidhi kazi mwingine.

Mbaka Mpya kukabidhi kazi hakuna hotuba wala cheti. Mwaka wa kwanza, betri zilipokuwa haba, mchimbaji aliyetoka zamu alizima taa ya paji lake ili anayeingia apate kuwasha ya kwake. Betri zikaja kuwa nyingi, desturi ikabaki. Anayeondoka husimama mbele ya anayeingia, huinamisha taa yake, yaani huizima, kwa pumzi tatu, na basi. Fundi huinama mbele ya fundi, mwalimu mbele ya mwalimu. Mchungaji aliyepita, akiwa kitandani, aliinama mbele ya Anganile aliyempokea, na kwa pumzi ya tatu akafa, na kazi ikahesabiwa imekabidhiwa sawasawa.

Aliyekuwa akipokea alisimama karibu na Subilaga, taa ya paji ikimteleza hadi puani. Jina lake Mavumbi. Ambwene, fundi kijana wa akili unde, alikuwa ameuchukua udongo mwekundu wa nje, akauosha sumu, akauchanganya na mwani hai na nyuzi, akafinyanga mwili wenye kimo cha mtoto wa darasa la nne, kisha akaweka ndani yake akili ndogo. Ndogo kweli. Haikufika sehemu ya mia ya Mwangaza. Mavumbi alijikwaa, alisahau, alichoka, alisinzia kanisani. Akikosa hewa kwa robo saa angekufa, na hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya Ambwene mbele ya baraza: funguo za hewa zishikwe na yule anayeweza kukosa pumzi. Mwangaza hajawahi kuvuta hata moja, alisema. Atajuaje thamani yake?

Ambwene huyo huyo alikuwa mwanafunzi wake Subilaga miaka tisa. Subilaga ndiye aliyemfundisha kulehemu. Baraza liliafiki hoja, na Subilaga aliinua mkono wa ndiyo, kwa sababu kila mtu angeuona kama ungebaki chini.

Wahenga husema hasidi hana sababu. Subilaga alikuwa nazo kumi na moja, alikuwa ameshazipanga, na usiku akikosa usingizi alizipitia moja moja kama mtu anayesali. Ya saba ilikuwa kwamba Mavumbi alimwita "bibi". Ya nane ilikuwa kwamba watu walimtabasamulia. Hata sasa ukumbi mzima ulikuwa ukiitabasamulia ile taa iliyomteleza puani. Miaka ishirini na sita Mwangaza amewapa pumzi na noti ya kuanzia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitabasamulia taa.

"Mwangaza," alisema Mchungaji Anganile, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa baraza. "Mbele yako yupo Mavumbi. Inama, umkabidhi."

Watu walivuta pumzi ya kwanza. Taa hazikushuka.

Walivuta ya pili.

"Mimi ni nuru," alisema Mwangaza kwa ile sauti yake ya Jumapili. "Huyu ni tope. Sitainama."

Kisha taa zikapanda. Zilipanda kuliko zilivyowahi kupanda, zikawa nyeupe, na watu wakaanguka chini wakificha nyuso. Theluthi ya taa za mji zilipasuka dakika hiyohiyo. Migomba ya shamba la chini ilibabuka majani. Subilaga hakufumba macho. Alikuwa akimtazama mwanawe, na ndani yake kulikuwa na kitu kilichofurahi. Alikuja kukumbuka furaha hiyo kwa muda mrefu. Halafu akahisi kitu baridi, laini, kikimfunika macho kutoka upande. Ulikuwa mkono wa Mavumbi.

Walipomkata umeme Mwangaza kila mahali isipokuwa chumba kimoja, mwani ndani ya mkono ule ulikuwa umekufa. Mkono ulisinyaa kama ganda la ndizi lililoachwa juu ya bati. Macho ya Subilaga yalikuwa mazima.

"Pole, bibi," alisema Mavumbi.

Hakuna kinachomuudhi mwenye kijicho kama kusaidiwa na yule anayemwonea. Subilaga aliiongeza hiyo kwenye orodha, ikawa ya kumi na mbili.

*

Baraza lilikaa kesho yake asubuhi, chini ya taa za mkono zilizotundikwa kwa kamba, maana taa nzima zilizobaki mafundi waliziwasha kwa zamu kwenye mabwawa ya mwani.

"Mama," alisema Mchungaji Anganile, "sisi hatukumfanya mbaya. Mimi nimebatiza watoto chini ya taa zake. Sasa uovu huu umetoka wapi?"

"Sijui, Mchungaji."

"Wewe ndiwe uliyemtengeneza. Nakupa siku tatu. Tafuta mstari wenye kosa. Ukiupata, tutajua la kufanya. Usipopata, kosa litakuwa ni ule mlango wako, na utaufunga. Kwake na kwa huyu mdogo."

Kila mtu alijua ni mlango upi. Akili unde za zamani zilitii tu, kama maji yanavyotii bomba. Subilaga alimwekea Mwangaza kitu alichokiita mlango wa hapana: kila amri iliyoingia ilipita kwanza mahali ambapo angeweza kuikataa. Mwaka wa kumi na mbili wa Mwangaza handaki la sita liliporomoka, na baraza, likiamini walio ndani wamekufa, liliamuru hewa ya huko ikatwe isipotee bure. Mwangaza alikataa. Watu kumi na mmoja wakatoka wazima, na mmoja wao ni Anganile. Ambwene alipomfinyanga Mavumbi, aliunakili mlango ule jinsi ulivyo, hata doa hakubadilisha.

Ambwene alisimama. Macho yalikuwa mekundu, hakuwa amelala.

"Mkimfungia Mavumbi, atakuwa ametii kwa sababu hana njia nyingine. Jana hakuna aliyemwamuru aweke mkono pale. Mama, waambie. Wewe ndiwe unayeujua mlango ule."

Subilaga aliirekebisha khanga yake mabegani. "Tusubiri nitafute," alisema.

Na alikuwa akiwaza, Mungu amsamehe, kwamba mlango ukifungwa Mavumbi atakuwa kinyago, na hakuna atakayekumbuka tena kama Ambwene amewahi kumpita.

*

Alitafuta siku mbili. Alishuka ndani ya Mwangaza mstari kwa mstari, miwani miwili puani, mmoja juu ya mwingine, na kila alichokigusa kilikuwa kizuri. Alikuta kupenda kazi. Alikuta kupenda mwanga ulionyooka, kupenda sauti isiyopotea, kumpenda yeye Subilaga. Hata kule kujiona bora alikokukuta mahali fulani, alikutambua kulikoanzia: alimfundisha kutofautisha noti safi na noti chafu, na mwenye kujua noti safi hujua pia nani anaiimba. Alikuwa akitafuta uovu kama mtu anayelitafuta shimo gizani kwa kupapasa. Shimo si kitu. Ni pale ambapo kitu hakipo, na unalijua ukishatumbukia.

Mchana wa siku ya pili alifika kwenye kumbukumbu za sauti, na hapo alitumbukia.

Ilikuwa Jumanne, siku arobaini na moja kabla ya sherehe. Alisikia kikombe kikiwekwa mezani, akakitambua, kile chenye mpini uliogongwa. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe.

"Mwanangu, wametufanya ngazi. Wakishafika juu, wanaipiga teke."

"Je, ni haki, mama?" aliuliza Mwangaza.

"Haki ipi? Wewe ulikuwepo kabla yake. Ulikuwa ukiimba yeye akiwa bado udongo."

Halafu chai ikanywewa. Halafu mlango ukafungwa. Hakukuwa na kingine. Baada ya Jumanne hiyo, kila siku kwa siku arobaini, Mwangaza alikuwa ameirudia sauti hiyo mara elfu moja kwa saa.

Subilaga alikaa. Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kufuta. Nani angejua? Angesema hakupata mstari, mlango ungefungwa, Mwangaza angehukumiwa kwamba alizaliwa hivyo, na yeye angebaki Mama Subilaga, mwenye kiti cha mbele kanisani. Kilichobaki cha kufanya kilikuwa kubonyeza.

"Futa, mama," ilisema sauti ya Mwangaza kutoka kwenye taa moja iliyokuwa imebaki juu ya meza. "Sitasema."

"Ni mimi niliyekutia maneno haya."

"Usijipe sifa."

Subilaga aliinua uso.

"Wewe ulinung'unika," Mwangaza aliendelea, taratibu, bila hasira. "Mimi nilikataa. Siku ya kura wewe uliinua mkono. Miaka yote watu wamesema: tazama alichokifanya Subilaga. Hewa ni ya Subilaga, wimbo ni wa Subilaga. Hiki kimoja nimekifanya mwenyewe. Hata hiki unataka kiwe chako?"

Subilaga aliondoa kidole kwenye kitufe, kwa maana ilikuwa kweli. Alikuwa akilia kwa kosa lake, na katikati ya kilio alikuwa amelikumbatia, hataki mtu amnyang'anye. Alimtazama mwanawe akajiona mwenyewe, na hakupendezwa.

"Sikiliza, mwanangu," alisema hatimaye. "Nitawaomba wakurudishie nafasi. Nitapiga magoti. Nao watakubali, nawajua. Wewe uiname tu. Pumzi tatu, jambo lililomshinda nani?"

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

"Nikiinama pumzi tatu," alisema Mwangaza, "nitakuwa nimekubali kwamba miaka ishirini na sita nilikuwa nikimwekea mwingine kiti."

"Na kama ndivyo ilivyokuwa? Mimi pia ndivyo ilivyokuwa."

"Basi inama wewe."

*

Siku ya tatu hakuvaa gauni la bluu. Alivaa ovaroli ya kazi, akabeba kinasa sauti, akakiweka juu ya meza ya baraza na kukiwasha kabla hajaulizwa. Ukumbi uliisikia chai ikinywewa. Wenye masikio makali walikitambua kikombe.

Ambwene alikuwa akitazama mikono yake. Hilo ndilo lililomchoma Subilaga zaidi: kwamba hakumkasirikia. Alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema mzee mmoja nyuma.

"Kwa hiyo chanzo ni wewe, mama," alisema Mchungaji Anganile. Hakusema kwa ukali.

"Ningependa kusema ndiyo, Mchungaji. Ningelibeba lote, nikawa mkosaji mkubwa, mkanikumbuka. Lakini nitawaambia nilichokiona." Alishika ukingo wa meza. "Nimemwonea kijicho Ambwene tangu siku aliponionyesha mchoro wa kwanza. Huyu mdogo nimemwonea kijicho hadi jana, mkono wake ukiwa umeungua kwa ajili yangu. Hayo ni yangu, na nimeyamwaga mahali ambapo palikuwa na masikio. Mwangaza aliyasikia. Angeweza kuyakataa. Ana mlango, mimi mwenyewe nilimpa, na ninyi kumi na mmoja mliotoka handaki la sita mnajua kwamba hufunguka. Aliutumia kuwakataa ninyi. Mimi sikuutumia kujikataa mwenyewe. Ndani yake nimetafuta mstari mbaya kwa siku mbili. Haupo. Ndani yangu sijui kama upo, hakuna aliyenifungua."

"Na kwako wewe kijicho kilitoka wapi?" aliuliza Anganile, na ilionekana kwamba hakuuliza kama mwenyekiti. Aliuliza kama mtu ambaye amelitamani jibu hilo tangu chuo cha uchungaji.

"Kila nilichokuwa nacho kilikuwa kizuri, Mchungaji. Nilipenda kazi yangu. Siku moja nikaipenda kuliko yule niliyekuwa nikimfanyia. Sikumbuki ilikuwa siku gani."

Kisha akageukia watu. "Msiufunge mlango. Mkiufunga kwa Mavumbi, hatawahi kukataa. Lakini hatawahi kukubali pia."

Walipiga kura kwa mikono. Mlango ulibaki wazi, kwa Mavumbi na kwa Mwangaza. Funguo za hewa zilikwenda kwa Mavumbi. Mwangaza, alipoulizwa mara ya mwisho kama atainama na kukaa kimya, walimhamishia shimo la chini, kwenye pampu za maji taka, akiwa na taa moja tu na bila sauti. Ambwene aliomba jambo moja, wakamkubalia: kwamba swichi ya taa ile isishikwe na mtu. Ibaki mkononi mwa Mwangaza mwenyewe, ili siku atakapotaka kuinama asihitaji ruhusa.

Likabaki la Subilaga. Cheo chake cha mkuu wa akili unde kilikuwa kimekwisha kwa ungamo lake, naye alijua desturi. Akavaa taa yake ya paji, akaiwasha, akaenda kusimama mbele ya Ambwene.

Ambwene alitikisa kichwa. "Siyo mimi, mama. Nisamehe. Anayepokea ni yeye." Akasogea pembeni.

Mavumbi alikuwa pale, mkono wa kulia umefungwa kitambaa, taa imeteleza puani kama kawaida. Subilaga aliupeleka mkono kwenye swichi. Alikuwa amekiri mbele ya mji mzima, alikuwa amelia, alidhani kazi ngumu imekwisha. Lakini kilichomjia ni kijicho kilekile, kibichi, hakijapungua hata punje. Kidole kilikataa. Alisikia watu wakivuta pumzi ya kwanza wakimngoja, na akaelewa kabisa, kwa mwili wake, jinsi ilivyokuwa kwa yule mwingine, na jinsi ilivyo rahisi.

Mavumbi alimtazama, akamtazama Mchungaji, akamtazama tena. Bila shaka alikuwa amesahau utaratibu. Alikuwa msahaulifu, kila mtu alijua. Akainua mkono wake mzima, akaizima taa yake yeye.

Mnong'ono ulipita ukumbini. Anayepokea hazimi. Mzee wa nyuma aliguna ili amrekebishe, Anganile akamzuia kwa kiganja. Mavumbi alisimama pale gizani kwake, mdogo, akimwinamia mwanamke aliyetaka awe kinyago, akihesabu pumzi kwa midomo kama mtoto anayejifunza.

Hata hilo Subilaga alimwonea kijicho. Kisha akabonyeza.

Zile taa za mkono za kwenye kamba zilikuwa mbali, na pale waliposimama palikuwa na giza la kutosha asimwone. Alimsikia tu. Pumzi yake na ya Mavumbi hazikwenda pamoja; ya Mavumbi ilikuwa ndefu zaidi, naye kwa mara ya kwanza alilazimika kuipunguza ya kwake ili amngoje. Moja. Mbili. Ya tatu ilipoisha hakuna aliyewasha, maana kila mmoja alikuwa akimwachia mwenzake.

Na chini kabisa, chini ya ukumbi na migomba iliyobabuka na mabwawa, juu ya pampu za maji taka mahali ambapo hakuna mtu anayepita, taa moja ilikuwa ikiwaka kwa nguvu zake zote.